Namna ya kuanzisha tuzo ya ukumbusho ya finalisti wa sosiolojia, na isife mwaka wa pili

Kama mwalimu wenu amefariki, nyinyi wanafunzi wake wa zamani mmeshachanga pesa ya jeneza, mmeshavaa tisheti yenye sura yake, mmeshalala nje kwenye kilio siku tatu, alafu mnarudi nyumbani mnaona bado mna deni lake, basi huu mwongozo ni wenu. Sisi tulifanya ivo hapa Lubumbashi kwa Prof wetu wa sosiolojia, tukaanzisha tuzo yenye jina lake, kila mwaka inaenda kwa finalisti mmoja, yaani mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, aliyefanya kazi nzuri kupita wenzake. Tulikosea mahali pengi, na mwaka wa pili tuzo ilitaka kufa kabisa. Naandika hatua kwa hatua ili nyinyi msipite kule tulipita. Jina lake nimeliacha, juu mke wake hapendi lizungushwe kwenye simu za watu, na chuo pia nimekiacha. Nitamwita Prof tu.

Ni mtu aliyekuwa anaingia auditorio saa mbili asubuhi na vumbi nyekundu kwenye viatu mpaka kwenye soksi, juu alikuwa ameshapita sokoni kwanza. Alitulazimisha kila mmoja awe na kaye, kile kidaftari kidogo cha kuandikia mambo uwanjani, na kabla hajasoma memwari yako, ile kazi ya mwisho ya kumaliza chuo, alikuomba kaye. Ikiwa safi sana alikurudishia bila kusema neno, unajua mwenyewe. Nasema haya mapema kwa sababu tuzo nzima tumeijenga juu ya ile kaye, na nyinyi pia mtafute kitu kimoja cha mwalimu wenu ambacho kila aliyesoma kwake anakijua, alafu vigezo vyote mvitoe pale. Bila hiyo mtakuwa tu mnagawa bahasha.

Hatua ya 1: Ngojeni kilio kiishe, ndio muende kwa familia

Msiongee habari ya tuzo kwenye kilio. Najua pale moto unakuwa mkali, watu wote wapo, mmoja anasema nitatoa dola mia, mwingine anasema mimi mia mbili, lakini ahadi ya kwenye kilio inaishaka na kilio. Sisi usiku ule tuliandika majina 61, walioleta pesa kweli mwezi uliofuata walikuwa 19. Ngojeni mwezi mmoja, hata miwili.

Alafu muende watu wachache, watatu wanatosha, na kati yenu awepo mkubwa mmoja anayejulikana na familia, juu kijana akienda peke yake kutaja jina la marehemu na pesa kwa pumzi moja wanaweza kumwelewa vibaya. Msiende mikono mitupu, bebeni sukari, mafuta, sabuni, mfuko wa unga. Mkae, muulize habari ya watoto na shule na afya ya mama, msikimbilie neno. Mkubwa wetu alisema hivi: "Mama, sisi ni watoto wa Papa. Tunaomba ruhusa tubebe jina lake kila mwaka mbele ya wanafunzi." Mama alinyamaza muda mrefu, akaingia chumbani, akarudi na mfuko wa plastiki, ndani mna kaye kumi na moja za Prof zimefungwa na kamba ya mpira wa baiskeli, karatasi zimejikunja kwa maji ya mvua za miaka. Akatupa moja. Akasema zile zingine bado anazisoma.

Sasa angalia, kwetu jina la mtu halina mwenyewe mmoja. Mjane anaweza kukubali leo, kesho mdogo wa marehemu anatoka Likasi anauliza nani aliwapa ruhusa mle pesa juu ya jina la kaka yake. Kwa hiyo mtengeneze karatasi ya ukurasa mmoja, nakala mbili, isainiwe na mjane, mtoto mkubwa, na mtu mmoja wa upande wa baba wa marehemu. Muandike mule: jina linaandikwaje (yote matatu, jina, jina la pili na la ubatizo, kwa mfuatano ule familia inataka), picha gani itatumika, nani atawakilisha familia kwenye sherehe, na kwamba familia haitatoa pesa wala haitachagua mshindi. Hiyo ya mwisho muiseme kwa upole lakini muiseme, maana ndugu wa marehemu anaweza kuwa na mtoto ndani ya ile promosio, yaani kati ya wanafunzi wa mwaka ule.

Hatua ya 2: Andikeni sentensi moja

Kabla ya pesa, kabla ya barua, muandike sentensi moja inayosema tuzo ni ya nani. Yetu iko hivi: "Tuzo hii inapewa kila mwaka finalisti mmoja wa sosiolojia ambaye amefaulu vizuri na ambaye kazi yake ya mwisho imetoka kwenye ankete aliyoifanya mwenyewe uwanjani." Ankete ni ule utafiti wa kwenda kuuliza watu. Tulikaa jioni tatu juu ya hiyo sentensi na sijuti.

Kila neno lina kesi yake. "Mmoja" maana yake hamgawanyi kwa wawili ili wote wafurahi, mkigawanya mara moja mtagawanya kila mwaka. "Sosiolojia" maana yake muamue kama antropolojia iko ndani au hapana, sisi tulisema hapana, juu Prof alikuwa wa idara moja. Na "finalisti" siku hizi inaleta vurugu, kwa sababu zamani tulikuwa na graduat miaka 3 na lisansi miaka 2 juu yake, sasa na ile mfumo wa LMD (lisansi, masta, doktora) lisansi yenyewe ni miaka 3 yenye kredi 180, alafu masta miaka 2. Sasa ukisema "finalisti wa lisansi" mzee wa zamani anafikiri mtu wa mwaka wa 5 na kijana anafikiri mtu wa mwaka wa 3. Andikeni wazi ni mwaka gani wa mfumo gani. Sisi tulichagua anayemaliza masta, juu njo mahali anapata muda wa kwenda uwanjani kweli.

Hatua ya 3: Pesa, na hapa mkae vizuri

Mwaka wa kwanza tulikuwa 19, kila mtu dola 5 kwa mwezi, 95 kwa mwezi, mwaka mzima 1,140. Tuliona ni mali. Tukampa mshindi 700, tukafanya karamu ya 380, bukari (ugali), nyama, vinywaji, muziki, picha nzuri sana, kila mtu akaweka kwenye statusi yake. Kwenye konti zikabaki 60. Mwaka wa pili waliobaki wanachanga walikuwa 7, dola 420 mwaka mzima, ongeza zile 60 ni 480. Na mshindi wa pili tayari alikuwa amesikia kwamba wa kwanza alipata 700.

Tulikaa kwenye nyumba ya mweka hazina kule Kampemba, umeme umekatika, tunahesabu na mwanga wa simu. Mmoja akasema tuache mwaka huu, tutarudi mwaka kesho na nguvu. Nawaambia, tuzo ikiruka mwaka mmoja kwa kukosa pesa hairudi, watu wanasema ile kitu ilishaisha. Tukapunguza kila kitu: mshindi 300, kuchapa kazi yake nakala 10 ni 80, cheti na fremu 25, soda na biskuti 60, usafiri wa Mama kuja na kurudi 20. Jumla 485. Tulikuwa na 480, zile 5 zilitoka mfukoni mwa mweka hazina. Na mpaka leo bajeti yetu ni ileile 485, hatujaipandisha, hata mwaka ule ndugu mmoja aliye nje alituma 500 kwa mara moja.

Sheria yetu sasa ni hii: hatutoi tuzo ya mwaka huu kama kwenye konti hakuna tayari pesa ya mwaka kesho. Kwa hiyo kama mnaanza leo, mkusanye kwanza ya miaka miwili, 485 mara mbili ni 970, ndipo mtangaze. Hata kama inachukua mwaka na nusu bila sherehe. Watu watawasukuma, msikubali.

Mambo madogo ya pesa ambayo yanavunja watu: Kotizasio, yaani mchango wa kila mtu, iwe ndogo na iwe ya kila mwezi, tarehe moja inayojulikana, dola 2 inayokuja kweli ni bora kuliko 20 ya kuombaomba. Muamue ni dola au ni franka, na kama mtu analipa franka mnahesabu kwa bei ya siku gani, juu mwezi mmoja ugomvi wote kwenye grupu ulikuwa ni ile tofauti ya bei. Watu wengi watatuma kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, ni sawa, lakini pesa isilale kwenye simu ya mtu, kila mwisho wa mwezi iende kwenye konti ya benki yenye saini mbili, na wale wenye saini wasiwe wa nyumba moja. Mweka hazina atume kwenye grupu kila mwezi picha ya daftari, majina yote, aliyelipa na asiyelipa, bila maneno ya kukemea. Picha tu. Hiyo ilituletea watu wanne waliokuwa wamepotea.

Kuhusu karatasi za serikali: si lazima muanzishe shirika jipya. Mashirika yasiyo ya faida yanafuata sheria ya Kongo namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001, na kupata kila karatasi inataka muda na pesa ambayo ingeenda kwa mwanafunzi. Kama kuna shirika la wanafunzi wa zamani ambalo lina karatasi zake, muombe kuingia chini yake, muandikiane barua kwamba konti ya tuzo ni ya tuzo peke yake.

Hatua ya 4: Muende fakulte na nakala mbili

Andikeni barua kwa doyeni, mkuu wa fakulte, nakala kwa mkuu wa idara. Fupi, ukurasa mmoja. Mchape mbili: moja wanaibakisha kwenye sekreteriati, ya pili wanapiga muhuri na tarehe kwamba wamepokea, ile nakala yenye muhuri muitunze kama pasipoti. Barua bila muhuri wa kupokea ni sawa haijaandikwa.

Muombe vitu vitatu tu. Kwanza, orodha rasmi ya waliofaulu na pointi zao baada ya delibe, kile kikao cha walimu cha kuamua matokeo. Pili, ruhusa ya kubandika tangazo kwenye valvu, zile mbao za matangazo za fakulte. Tatu, mwalimu mmoja wa idara awe ndani ya juri, wale watakaochagua mshindi. Msiombe fakulte itunze pesa, na msiombe fakulte ichague mshindi peke yake. Sababu si kutowaamini, ni kwamba doyeni anabadilika, mkuu wa idara anabadilika, ofisi inahama, na anayekuja mpya hajui ahadi ya yule aliyetoka. Njo maana kila mwaka hata kama wanawajua mpeleke barua mpya. Kila mwaka, mwezi wa kwanza wa masomo.

Hatua ya 5: Vigezo

Hapa ndipo tuzo inakuwa ya Prof wenu au inakuwa ya mtu yeyote.

Njia nyepesi ni kuchukua asilimia ya juu kabisa, kumwita mtu, kumpa bahasha. Msifanye ivo kwa sosiolojia. Mtu anaweza kuwa na pointi nzuri kwenye kozi zote juu ana kichwa cha kushika silabusi, alafu memwari yake ni ukurasa 80 za kunakili na ankete ya watu 100 ambao hakuna hata mmoja aliyeonana naye. Na huu mji una historia ya watu waliotembea kweli. Chuo kikuu cha hapa kilianzishwa 1955, mji ungali Elisabethville, 1971 vyuo vikuu vya nchi vikaunganishwa kuwa UNAZA (Université Nationale du Zaïre) na masomo ya sayansi ya jamii yakaletwa huku, 1981 vikaachanishwa ikabaki UNILU (Université de Lubumbashi). Baadaye pale UNILU ikazaliwa Observatoire du Changement Urbain, kituo cha kuchunguza mabadiliko ya mji, watafiti wake waliingia kwenye nyumba za watu mtaa kwa mtaa kuuliza familia zinakula nini, zinalipa nini, nani analeta pesa nyumbani wakati mshahara wa baba umekatika. Finalisti wetu anatembea nyuma ya hao watu, basi tumpime kwa kutembea.

Sisi tunahesabu juu ya 100. Pointi za masomo 40, kazi yenyewe 40, na mazungumzo na kaye 20. Ili mtu aingie lazima awe na angalau asilimia 70, ile tuliyozoea kuita distinksio, yaani 14 juu ya 20, na awe amefaulu sesheni ya kwanza ya mitihani. Mtu wa 69 anaumia, najua, lakini bila mpaka simu hazitaisha kuita.

Kazi tunaisoma bila jina. Sekreteri wa kamati anatoa ukurasa wa kwanza na ule wa shukrani (ule wa shukrani ndio unaomfichua mtu kuliko jina lenyewe, "kwa mjomba wangu mheshimiwa fulani"), anaweka namba. Wasomaji wawili, kila mmoja nyumbani kwake, alama zao zikiachana kwa zaidi ya 10 anaitwa wa tatu.

Tunatafuta nini ndani? Nitawapa mfano mmoja wa karibu. Mwaka mmoja msichana aliandika juu ya mama wauza makala (mkaa) wa Katuba. Kifaransa chake hakikuwa kizuri kupita wengine. Lakini alikuwa na jedwali moja la kurasa mbili, mfuko mmoja wa makala unatoa mafungu mangapi, kwa wauzaji kumi na wawili, mwezi wa nane wakati wa ukavu na tena mwezi wa kwanza wakati wa mvua, na pembeni ameandika nani alilowesha mali na nani alikuwa na paa. Mstari mmoja ulikuwa mtupu, akaandika tu: huyu mama alikataa nihesabu. Hakujaza namba ya uongo. Msomaji wetu mmoja, mzee mgumu sana, aliniambia alipofika kwenye ule mstari mtupu alifunga kitabu akampa 36 juu ya 40.

Na kitu kingine kwenye ile kazi. Wale mama hawakusema kwamba watu wa kinga, wale wanaoleta makala na baiskeli kutoka porini, wanawapa mali kwa mkopo. Walisema "ananiamini". Anakuachia mifuko mitano, anarudi wiki kesho. Yule msichana angeweza kuandika kwa Kifaransa kwamba ni krediti na ikapita, kila mwalimu angekubali. Yeye aliacha neno "ananiamini" kwa Swahili ndani ya sentensi ya Kifaransa, alafu akatumia kurasa sita kueleza tofauti, nini kinatokea mtu wa kinga akiacha kukuamini, na nani anakuombea msamaha kwake. Nawaomba sana, kwenye vigezo vyenu muweke alama kwa mwanafunzi anayetunza maneno ya watu vile walivyoyasema. Ankete inafanyika kwa Swahili, kazi inaandikwa kwa Kifaransa, na mambo mengi yanaanguka kule katikati.

Zile 20 za mwisho ni mazungumzo ya dakika ishirini. Mtu analeta kaye yake, juri inafungua popote na kuuliza: hii siku ulikuwa wapi, huyu mtu ulimpataje, kwa nini hapa umefuta? Aliyefanya kazi anaanza kuongea na hamuwezi kumnyamazisha. Aliyenunua kazi anaangalia mlango. Mwaka mmoja kijana mwenye asilimia 82, ya kwanza kabisa kwenye promosio, hakuweza kutuambia alienda Soko ya Kenya, soko la hapa mjini, siku gani ya wiki wala saa ngapi, na kazi yake nzima ilikuwa juu ya lile soko. Tuzo ilienda kwa mwenye 74.

Kama hakuna anayefikia, msitoe. Muandike kwenye valvu kwamba mwaka huu haikupewa mtu, pesa inangoja. Hiyo si sawa na kuruka mwaka kwa kukosa pesa, watu wanaelewa tofauti vizuri sana.

Hatua ya 6: Juri

Watu watano. Mmoja wa idara, mmoja mwalimu wa nje ya idara au wa chuo kingine cha mji, wawili wanafunzi wa zamani wa marehemu, mmoja mtu wa kazi, yaani anayefanya ankete kila siku kwenye shirika au ofisi. Direkta wa memwari, mwalimu aliyeisimamia, hahesabiwi kwa mwanafunzi wake, anatoka nje kabisa wakati wa kupiga kura, si kukaa kimya, kutoka. Ndugu wa mwanafunzi vilevile. Familia ya marehemu haina kura.

Mwishoni muandike PV, yaani ripoti ya kikao, hata kwa mkono: tarehe, waliokuwepo, namba za kazi, alama, saini zote tano. Baba wa yule kijana wa 82 alitupigia simu siku tatu, mtu mwenye nguvu mjini, sauti ya juu. Tulimkaribisha, tukamuonyesha PV na grili (jedwali) ya alama na vile mazungumzo yalienda. Alisoma yote, akauliza kama mwanawe anaweza kuomba tena. Hawezi, finalisti ni mara moja. Lakini aliondoka kwa heshima.

Hatua ya 7: Kutangaza

Msiweke tarehe za kalenda, juu mwaka wa masomo kwetu unasogea, unaweza kusema tarehe 15 Julai na delibe ikafanyika Oktoba. Wekeni kwa matukio: maombi yanafunguliwa siku ya kutetea kazi, yanafungwa siku 10 baada ya proklamasio (kutangazwa kwa matokeo), mazungumzo ndani ya wiki mbili zinazofuata. Tangazo lipite kwenye valvu na kwenye magrupu ya WhatsApp ya promosio, na mtu mmoja wa kamati aingie auditorio kuongea dakika tano, mapema, mwanzoni mwa mwaka, si mwishoni. Mwanafunzi akijua tangu mwanzo kwamba kuna watu wataomba kaye yake, ataitunza.

Kwa wewe finalisti unayesoma hii: anza kaye leo, tarehe na saa juu ya kila ukurasa, andika hata siku uliyofukuzwa. Usiiandike upya iwe safi. Ukituma faili yako weka kazi, karatasi ya pointi, na barua ya ukurasa mmoja inayosema ulienda wapi na kwa nini. Hatuhitaji barua ya mheshimiwa yeyote.

Hatua ya 8: Siku yenyewe

Msitoe tuzo siku ya proklamasio. Mnajua vile inakuwa, jina linaitwa tu, poda imeshamwagwa kichwani, fanfari inapiga, mama zinaimba, hakuna atakayesikia jina la marehemu. Chagueni siku ya kolasio, sherehe ya kutoa digrii, kama fakulte inakubali dakika kumi, au mfanye yenu ndogo, asubuhi ya Jumamosi, sali ya fakulte. Sisi tunafanya yetu.

Mpango wetu unachukua saa moja na nusu. Mtu mmoja anaongea juu ya Prof, dakika 5, kila mwaka mtu tofauti na kila mwaka kisa kimoja tu, si maisha yake yote. Alafu mshindi anaeleza kazi yake dakika 15, kwa Swahili. Hapo tunasisitiza. Tunaalika wale watu aliowauliza uwanjani, tunawalipia usafiri, wanakaa mstari wa mbele. Ule mwaka wa makala walikuja mama watano na vitenge vyao vya Jumapili, na mmoja aliinua mkono katikati kusema ile hesabu ya mwezi wa kwanza si sawa, mvua ilikuwa mbaya zaidi. Msichana akatoa kaye yake, akatafuta, akasoma kwa sauti tarehe ile. Mama akasema aah, basi ni kweli, mimi ndiye nimesahau. Mjane wa Prof alikuwa pembeni, akapiga makofi kabla ya wote.

Cheti muangalie jina mara tatu. Mwaka wa kwanza tuliandika jina la pili la mshindi vibaya, herufi moja, na mtu akitaka kutumia kile cheti kwenye faili ya kazi au ya masomo jina lazima lilingane na diplomi. Tulichapa upya. Mumtumie maandishi yote kwenye simu yake, ajibu "sawa", ndipo muende kuchapa. Mwakilishi wa familia ndiye anayempa cheti mkononi. Pesa iwe kwenye bahasha lakini kiasi kisemwe kwa sauti mbele ya watu, na asaini palepale kwamba amepokea. Na tunaongeza kaye mpya, tupu, yenye kifuniko kigumu, ukurasa wa kwanza Mama anaandika tarehe.

Baada ya siku hiyo

Nakala 10 za kazi zigawanywe mapema kabla hazijapotea: moja maktaba ya fakulte, moja idara, moja familia, mbili za mshindi, moja ya kamati, na nne ziende kwa watu walioulizwa au mtaa wao, hata kama wengine wao hawasomi Kifaransa, mtoto wa nyumbani atawasomea. Ndani ya wiki mbili mweka hazina atume hesabu yote kwenye grupu, franka kwa franka, pamoja na picha za risiti.

Mshindi wa mwaka huu anaingia kamati kwa miaka miwili kama msomaji wa mazungumzo ya kaye, bila kura ya juri mwaka wa kwanza. Hii ilitusaidia kuliko pesa yote, juu sisi tunazeeka na kuhama, mmoja alienda Kolwezi, mwingine Kinshasa, na wale vijana ndio wanajua tangazo libandikwe saa ngapi lisifunikwe na mengine.

Na jambo la mwisho, mlifanye hata kabla ya hatua ya kwanza kama inawezekana. Zile kaye kumi na moja, Mama ameanza kutuachia moja moja tuzipige picha, ukurasa kwa ukurasa, mchana kwenye mwanga wa dirisha, tumefika ya nne. Kwenye ya pili maji yalikuwa yameshakula nusu ya kurasa, wino wa bluu umekuwa wingu tu. Kama mwalimu wenu aliacha karatasi, ombeni kuzipiga picha mapema, kabla mvua za Novemba hazijaanza kuingia chini ya mlango.